Kiangazi cha Wapanda Mlima Ndicho Kiangazi cha Moto

Jumapili ya tarehe 11 Oktoba 2020, moshi ulianza kupanda kutoka Whona, mahali ambapo wapandaji wa Kilimanjaro wanaotumia njia ya Marangu hupumzika na kula wakiwa kati ya kambi za Mandara na Horombo. Giza lilipoingia, moto huo ulionekana kutoka mbali, mstari mwekundu ukitambaa juu ya msitu. Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, TANAPA, lilieleza kwamba kwa taarifa za awali moto ulianza wakati wapagazi walipokuwa wakipasha moto chakula cha wageni. Hadi hesabu ilipofanywa, shirika hilo lilitaja eneo lililoungua kuwa kilomita za mraba 95.5. Hilo ni eneo kubwa kuliko Manispaa yote ya Moshi.

Kwa taarifa hizo, chakula cha watu wachache kiliunguza sehemu ya mlima inayolisha maelfu ya familia. Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Mara nyingi moto wa msituni husimuliwa kama balaa linalomkuta mtalii, linalomharibia likizo na kumkatishia safari. Ni kweli humkuta. Lakini mara nyingi pia hutoka mikononi mwa watu walewale waliokwenda msituni kupumzika, au mikononi mwa wanaowahudumia, na hasara yake kubwa huwaangukia wale waliobaki chini ya mlima mgeni akishapanda ndege kurudi kwao.

Kuuzima moto ule haikuwa kazi ya magari ya zimamoto, kwa sababu hakuna barabara inayofika huko. Takriban watu 500 walipanda kwa miguu: askari wa hifadhi, wanavijiji, waongoza watalii na wanafunzi, wakiwamo wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, ambacho kiko kwenye miteremko ya mlima huohuo. Walitumia mapanga, majembe na matawi mabichi ya miti. Katika mwinuko wa zaidi ya mita 3,000, mtu anayekata vichaka kwa panga huishiwa pumzi mapema, usiku baridi humtesa, na maji ya kunywa lazima yabebwe kichwani au mgongoni. Moto ulizimwa upande mmoja ukaibuka mwingine.

Sababu mojawapo ya kuibuka huko iko ardhini. Juu ya msitu mnene wa Kilimanjaro kuna ukanda wa vichaka na nyasi ndefu, na kichaka kinachotawala ni jamii ya Erica, mmea wenye majani membamba yenye mafuta. Erica huwaka hata ukiwa mbichi. Chini yake kuna udongo mweusi uliojaa mizizi na majani yaliyooza nusu, na udongo huo ukikauka huweza kufukuta kwa siku nyingi bila kuonyesha mwali. Askari hupita wakidhani wamemaliza, halafu upepo wa mchana huvuma kutoka bondeni, na kilichokuwa kikifukuta hugeuka ndimi za moto. Mteremko nao huusaidia moto. Wataalamu wa moto wana kanuni ya kukadiria kwamba kila mwinuko unapoongezeka nyuzi 10, kasi ya moto unaopanda huongezeka takriban maradufu, kwa sababu joto lake hukausha mimea iliyo juu kabla mwali haujaifikia. Ndiyo maana mpanda mlima anayeona moshi chini yake yuko katika hatari kubwa kuliko anayeuona juu yake, ingawa macho humwambia kinyume.

Halafu kuna kalenda. Watu hupanda Kilimanjaro zaidi kati ya Juni na Oktoba, na tena Januari na Februari, wakiikwepa masika na vuli. Miezi hiyo ni mizuri kwa sababu njia ni kavu na kilele hakifunikwi na mawingu siku nzima. Kwa sababu hiyohiyo nyasi zimekauka. Kufikia Oktoba, kabla ya vuli, mlima umekaa miezi bila mvua ya maana, na njia zimejaa watu, majiko na sigara. Kiangazi cha wapanda mlima ndicho kiangazi cha moto, na hakuna namna ya kuvitenganisha viwili hivi. Hali ni hiyo pia Kenya: mioto mikubwa iliyouchoma Mlima Kenya Machi 2012 ilikuja mwishoni mwa kiangazi cha mwanzo wa mwaka, msimu ambao wapandaji huupenda, na wanajeshi wa Uingereza wanaofanya mafunzo nchini humo waliungana na Shirika la Wanyamapori la Kenya kuizima.

Kilimanjaro haikupata nafasi ya kupumua. Miaka miwili baada ya Whona, tarehe 21 Oktoba 2022, moto mwingine ulianza karibu na Karanga, upande wa kusini, katika mwinuko wa karibu mita 4,000. Karanga ni kambi wanayopitia watu wa njia za Machame, Lemosho na Umbwe wakielekea Barafu, kituo cha mwisho kabla ya kilele. Mamia ya watu walipanda tena kupambana nao, na hadi Novemba ulikuwa bado unaibuka hapa na pale.

Mpandaji anayekutana na hali hiyo njiani hupatwa na nini? Wengi hufikiria ndimi za moto. Kinachomfikia kwanza ni moshi. Ndani ya moshi wa kuni na nyasi kuna chembechembe ndogo kuliko mikromita 2.5, ilhali unywele wa binadamu una upana wa mikromita 50 hadi 70. Chembe hizo hupita puani na kooni bila kuzuiwa, zikaingia ndani kabisa ya mapafu, na nyingine zikafika kwenye damu. Aliyeketi barazani huvuta kiasi fulani. Anayepanda mlima akihema huvuta hewa mara kadhaa zaidi, na pamoja nayo moshi mara kadhaa zaidi. Kitambaa cha pamba kilichofungwa usoni husaidia kidogo mno dhidi ya chembe hizo. Barakoa za N95 husaidia, ila ni watu wachache wanaoweza kupanda mlima wakiwa wamezivaa.

Mlimani kuna tatizo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Pale Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, kila pumzi ina takriban theluthi mbili tu ya oksijeni ya Tanga au Mombasa. Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, ni karibu nusu. Mwongozaji mzuri huwachunguza wageni wake kila jioni: nani anaumwa kichwa, nani anakohoa, nani ana kichefuchefu, nani anahema akiwa amekaa. Hizo ndizo dalili za ugonjwa wa mwinuko, ambao ukipuuzwa unaweza kuua. Moshi huleta dalili zilezile, karibu zote. Kukiwa na moshi, mwongozaji hupoteza kipimo chake. Hawezi kujua kwa hakika kama mgeni anayekohoa amevuta moshi tu au mapafu yake yanaanza kujaa maji. Uamuzi wa busara katika hali hiyo ni kumshusha, na kumshusha mgeni mmoja ni safari nzima kubadilika.

Hapo ndipo fedha zinapoingia. Mgeni mmoja wa Kilimanjaro huweza kuhitaji wapagazi watatu au wanne, mpishi na mwongozaji, kwa siku tano hadi nane. Wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu, hubeba hema, chakula, gesi na mizigo ya wageni, na kanuni inataka mzigo wa kila mmoja usizidi kilo 20. Wengi wao hawana mshahara wa mwezi. Hulipwa kwa safari, na bakshishi ya siku ya mwisho huwa sehemu kubwa ya kipato. Safari ikifutwa hakuna malipo wala bakshishi. Mgeni wa Berlin au Johannesburg anaweza kuahirisha tiketi yake hadi mwaka ujao, lakini ada ya shule huko Marangu, Machame au Old Moshi haiahirishwi. Moto wa 2020 ulikuja katika mwaka ambao korona ilikuwa imekwisha kuwafukuza wageni, na kwa familia nyingi Oktoba hiyo ilikuwa pigo jingine juu ya lile la kwanza.

Picha nazo hufanya kazi yake. Mlima ukiwaka, picha huzunguka dunia kwa saa chache, na aliyeko ng'ambo huona mlima mzima umeungua, hata kama njia nyingi za kupandia hazijaguswa. TANAPA ilijua hilo. Katika siku za mwanzo za moto wa 2020 ililazimika kuuhakikishia umma kwamba hatua zimechukuliwa kulinda watalii, mali zao, wapagazi na waongozaji. Taarifa ya namna hiyo ni ya lazima, na inastahili kutolewa mapema na kwa ukweli, kwa sababu kampuni ndogo ya utalii ya Moshi haina sauti ya kushindana na picha moja ya moto.

Nchi zenye ndege za kumwaga maji na bajeti kubwa za misitu hazikunusurika pia. Jumamosi ya tarehe 5 Septemba 2020, wikiendi ya mapumziko ya Siku ya Wafanyakazi nchini Marekani, mamia ya watu walikuwa wamepiga kambi kando ya bwawa la Mammoth Pool katika milima ya Sierra Nevada, California. Moto uliokuwa umeanza jioni iliyotangulia ulienda kasi kuliko ilivyotarajiwa, ukaifunga barabara pekee ya kutokea. Watu wakakimbilia ukingo wa maji, wengine wakaingia majini. Usiku huo helikopta za jeshi la akiba la California zilitua kando ya bwawa katikati ya moshi, zikarudi tena na tena, zikaokoa watu zaidi ya 200. Moto huo, uliopewa jina la Creek, uliunguza takriban kilomita za mraba 1,500, eneo linalokaribia ukubwa wa Hifadhi yote ya Kilimanjaro. Siku chache baadaye idara ya misitu ya Marekani iliifunga misitu yote 18 ya taifa iliyoko California, na ikaifunga tena mwaka 2021. Kwa mamilioni ya watu, kupanda vilima, kuvua samaki na kulala kwenye mahema kulikoma kwa amri moja.

Simulizi ya jimbo la Oregon, hukohuko Marekani, inaumiza zaidi, maana ni ya mchezo. Tarehe 2 Septemba 2017, kijana wa miaka 15 alirusha fataki kwenye korongo la Eagle Creek, karibu na mto Columbia, kwenye njia inayopendwa mno na familia za Portland. Watembeaji wapatao 150 walijikuta mbele kuna korongo na nyuma kuna moto. Walilala porini, na asubuhi wakaongozwa kutoka kwa njia ndefu ya kuzunguka. Moto uliunguza takriban kilomita za mraba 200 na ulidhibitiwa kikamilifu mwishoni mwa Novemba. Mahakama ilimwamuru kijana huyo kulipa fidia ya zaidi ya dola milioni 36, fedha ambazo ni wazi hatazimaliza maishani, na mahakama ikaweka utaratibu wa kumwezesha kusitisha malipo baada ya muda akitimiza masharti. Njia ya Eagle Creek ilifungwa zaidi ya miaka mitatu.

Miaka mitatu kwa njia moja ya kutembea. Wengi hudhani moto ukizimika, hifadhi inafunguliwa wiki inayofuata. Ukweli ni kwamba mti uliokufa huweza kusimama miezi au miaka, halafu ukaanguka siku isiyo na upepo. Mizizi iliyoungua chini ya ardhi huacha mashimo yaliyofunikwa na ukoko mwembamba wa udongo, na mguu huzama humo. Vidaraja vya mbao na ngazi huwa vimeteketea. Na mvua ya kwanza, badala ya kunyonywa na majani na mizizi, hushuka kwa kasi ikibeba majivu, mawe na magogo, ikikata njia iliyokuwa imepona moto. Wasimamizi wanaochelewa kufungua njia hulaumiwa na wafanyabiashara, lakini mara nyingi wao ndio wenye haki.

Kilichotokea Jasper, Kanada, kinaonyesha jinsi mji unaoishi kwa wageni unavyoweza kupotea pamoja na msitu wake. Usiku wa tarehe 22 Julai 2024, katikati ya msimu, watu wapatao 25,000 waliamriwa kuondoka, wengi wao wakiwa wageni waliojaa kambini na hotelini. Siku mbili baadaye moto uliingia mjini na kuharibu karibu theluthi moja ya majengo. Waliosafisha vyumba, waliopika na walioongoza wageni walipoteza kazi na nyumba kwa pamoja.

Kurudi Kilimanjaro, kuna hasara isiyoonekana kwenye picha ya mtalii. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, ameuchunguza mlima huo kwa miongo kadhaa. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 2005 alionyesha kwamba mioto iliyorudiarudia tangu miaka ya 1970 imeusukuma mpaka wa juu wa msitu chini kwa mamia ya mita, na kwamba sehemu kubwa ya misitu ya Erica imegeuka vichaka. Misitu hiyo ya juu hukaa ndani ya mawingu. Majani yake na ndevu za kuvumwani zinazoning'inia hukamata ukungu, matone yakadondoka, ardhi ikanywa, na chemchemi zikatoka chini. Hemp alihitimisha kwamba maji yanayopotea kwa kuungua kwa misitu hiyo ni mengi kuliko yanayopotea kwa kuyeyuka kwa barafu ya kileleni.

Hitimisho hilo linapaswa kutangazwa kwenye kila geti la mlima. Wageni hulipa maelfu ya dola wakitaka kuiona barafu kabla haijaisha, na wana haki ya kuitamani. Lakini mkulima wa Kichagga anayesubiri zamu yake ya maji ya mfongo, yaani mfereji wa kijiji, ili anyweshe migomba ya kihamba chake, shamba la nyumbani, anategemea zaidi ule ukungu unaonaswa na miti, miti ambayo mgeni huipita siku ya pili akiharakia juu. Moto wa Whona ulipita katika ukanda huo.

Ni haki kusema pia kwamba si kila moto ni adui wa hifadhi. Serengeti, askari huchoma nyasi kwa mpango mapema kiangazi, zikiwa bado na unyevu, ili moto wa Septemba usikute chakula kingi. Huko eneo la Rasi, Afrika Kusini, kuna maua yanayochanua siku chache tu baada ya moto, na watembeaji huyafuata kwa kamera. Nyasi zina mizizi iliyozoea kuungua. Miti inayokamata ukungu mlimani haijazoea, na ikiungua mara ya pili kabla haijakomaa, nafasi yake huchukuliwa na vichaka ambavyo huwaka kwa urahisi zaidi. Anayesema moto ni moto hajaona tofauti hiyo, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mlima utapona.

Kinachoweza kufanywa si siri na si ghali. Kupikia kuni kumepigwa marufuku ndani ya Hifadhi ya Kilimanjaro, na vikundi hutakiwa kubeba gesi. Marufuku hiyo ina nguvu pale tu kampuni inapompa mpishi gesi ya kutosha. Kampuni inayouza safari kwa bei ya kutupa hukata mahali fulani, na mara nyingi hukata kwa wapagazi: chakula chao, mavazi yao, jiko lao. Mtu mwenye njaa na baridi katika mita 3,700, asiye na gesi, atatafuta kitu cha kuwasha. Kumlaumu yeye peke yake ni kumwonea. Vikosi vya vijiji vinavyozunguka hifadhi navyo vinastahili mafunzo, buti, redio na posho kabla ya Oktoba, kwa sababu ndivyo vinavyofika kwanza, na moto wa mlimani huzimwa katika saa za mwanzo au hauzimwi kwa wiki.

Kwa msomaji anayepanga kupanda Kilimanjaro, Meru, Mlima Kenya au Rwenzori, kuna mambo ya kufanya kabla ya kulipa. Muulize wakala wapagazi wanapikia nini na wanakula nini, na jibu likiwa la kubabaisha, tafuta mwingine. Hakikisha bima yako inataja moto na kufungwa kwa hifadhi. Mkiwa njiani, muombe mwongozaji awaonyeshe njia mbili za kushukia kutoka kila kambi. Mvutaji sigara abebe kikopo cha vipande vyake na ashuke navyo. Ukiona moshi, mwambie askari wa hifadhi papo hapo, hata kama unadhani ameshajua. Safari ikifutwa wakati wagumu wako wameshafika getini na mizigo, walipe siku zao.